Salfa ya Mikorosho na Kuku wa Jando

Naomba mnisamehe mwandiko wangu na herufi nitakazokosea. Niliishia darasa la saba na kuandika kwangu ni kwa polepole, lakini mbele ya watu sauti hukwama kabisa, kwa hiyo heri karatasi.

Kila ifikapo Juni, alfajiri kabla upepo haujaanza, kijiji chetu nje kidogo ya Newala hunuka salfa. Ni ule unga wa manjano unaopulizwa kwenye mikorosho ili maua yasiungue kwa ugonjwa wa ukungu. Harufu yake ni kama ya kiberiti kilichowashwa sasa hivi. Hukaa kooni, kwenye nguo zilizoanikwa, hata kwenye kisamvu. Wengine harufu hiyo huwaambia kuwa korosho zinakuja. Mimi hunirudisha kwenye mwaka ambao kaka yangu Bakari aliingia jandoni.

Zilikuwa siku za mwanzo za soko huria. Salfa tuliyozoea kuipata kwenye chama cha ushirika sasa ilikuja na magari ya wafanyabiashara. Bwana mifugo, aliyekuwa akipita kwa baiskeli na sanduku la dawa, alikuwa amepunguzwa kazi na kuhamia sokoni Newala kuuza mitumba. Hakuletwa mwingine. Bakari na wenzake walikuwa kambini porini, kwetu tunaita likumbi, na siku ya kutoka kila mama hutakiwa kumwandalia mwanawe kuku. Mama alikuwa amewafuga wake tangu masika, matetea na jogoo mmoja mwekundu, na hakuruhusu hata yai moja lipikwe. Kwetu siku ile watu hutazama sahani ya kijana kuliko nguo zake.

Kuku wakaanza kukonda. Walikula kama kawaida, lakini ukimshika mmoja unahisi mfupa wa kifua umekuwa kama kisu. Vilemba vyao vikapauka, mabawa yakalegea, na asubuhi kwenye kinyesi kulikuwa na minyoo myeupe kama nyuzi. Maji kwetu ni ya shida, hivyo walikunywa yaliyobaki ya kuoshea vyombo, kwenye kigae ambacho hakikuoshwa. Kinyesi cha banda tulikimwaga kwenye mihogo nyuma ya nyumba, na hapo hapo vifaranga walichakura mchana kutwa.

Mama alikwenda Newala kumwuliza yule bwana mifugo. Aliporudi alituambia kuwa kinyesi kitupwe mbali na kifukiwe, banda liinuliwe juu ya miti, vyombo vyao vioshwe kila siku. Dawa yenyewe ilikuwa Masasi, kwenye duka la mtu binafsi. Wanyimwe maji kwanza, kisha wapewe dawa ndani ya maji. Mama akaazimia kwenda Masasi.

Jioni hiyo alikuja Mjomba, kaka mkubwa wa Mama. Kwetu shauri la jando ni la mjomba, hata baba mwenye nyumba haingilii. Mjomba alikuwa na nusu mfuko wa salfa.

"Hii inaua ugonjwa uliopanda juu ya mkorosho," alisema. "Itashindwa na mnyoo?"

"Kaka, yule bwana kasema dawa iko Masasi."

"Yule bwana siku hizi anauza mashati. Basi kanunue shati uwavishe kuku wako."

Baba alicheka. Mama naye alicheka kidogo, akainama kuchochea moto. Safari ya Masasi ikaishia hapo.

Asubuhi Mjomba alichanganya salfa na pumba kwa mkono wake, bila kipimo, akawamwagia. Walikula kwa pupa. Jua lilipopanda walikuwa wamejikunyata kivulini, shingo zimeingia ndani, wakiharisha maji ya manjano. Mmoja mmoja walilala ubavu wakafa, na jogoo akawa wa mwisho. Mama alimpasua tetea mmoja pale pale uani. Utumbo ulikuwa umejaa minyoo, na minyoo ilikuwa hai, bado inajikunja. Alikaa akiitazama mpaka nikaogopa. Kisha akanawa mikono akampikia Mjomba chakula, maana alikuwa bado yupo.

Mama alizunguka kijiji kuomba kuku. Wenye watoto likumbini waliwaweka kuku kwa ajili ya watoto wao, na wengine walikuwa wameshawauza kwa wachuuzi. Kila nyumba ilimkaribisha vizuri. Alirudi mikono mitupu.

Siku ya kutoka vijana waliketi mkekani wamenyolewa, wamepakwa mafuta, macho chini. Kwetu hata mvulana wa jandoni huitwa mwali. Sahani zikafunuliwa. Ya Bakari ilikuwa na dagaa wa karanga, Mama aliwapika kwa uangalifu wote. Shangazi wa kijana mwingine akasema kwa sauti, "Huyu wetu ni mwali wa dagaa," na watu wakaangua kicheko. Mjomba alicheka pamoja nao. Bakari hakugusa chakula. Mama alibaki amesimama na mfuniko mkononi.

Jina la Dagaa halikumtoka tena. Alipomaliza shule alikwenda Mtwara kubeba mizigo, na nyumbani huja kwa msiba tu.

Leo dawa ya minyoo ya kuku inapatikana Newala. Banda langu nimeliinua juu ya miti, kinyesi nakifukia, na kuku wangu ni wazito mkononi. Mwaka huu mtoto wa Bakari anaingia jandoni. Nilimpelekea Bakari ujumbe kuwa kuku wapo, mtoto akitoka jandoni atokee kwetu. Akajibu kuwa mtoto atatokea kwa ukoo wa mama yake, huko Nanganga. Kwa desturi yetu mtoto ni wa huko, hakuna wa kumlaumu. Mama aliposomewa jibu hilo aliuliza tu kama Nanganga wanafuga kuku.

Kama kuna msomaji aliyewahi kumrudisha nyumbani ndugu wa namna hii, naomba aniandikie alianza na maneno gani. Nitasoma polepole, lakini nitajibu.