Nilivyojishusha Bei Kasese

Chekeni tu, nimeshazoea. Mimi muuza vitunguu wa soko la Bwera niliomba udereva wa lori kwenye kiwanda cha simenti, Kasese. Mwishoni mwa usaili wakaniuliza kama nina la kusema. Nikajua bei imeanza.

"Nataka milioni mbili kwa mwezi."

Kimya. Sokoni kwetu mteja akinyamaza, anaondoka. Nikashuka haraka.

"Milioni moja! Laki tano! Basi laki tatu, na lori nitaosha mwenyewe!"

Mzee mmoja kati ya wasaili akakohoa. "Mushahara ya dereva ni laki nane. Chama ya wafanyakazi na kiwanda walishapatana."

"Hiyo hiyo, mzee!"

Akawageukia wenzake. "Mimi niko mwenyekiti ya chama. Huyu mutu akiingia, sisi wote tutalipwa laki tatu, na malori tutaosha wenyewe."