Gari Alilochomelea Uani

Alhamisi ya mwisho ya mwezi wa nane, mwaka juzi, nilimpoteza mume wangu. Alifia kitandani kwetu Kizwite, asubuhi, chai yake ikiwa bado ya moto. Ulikuwa ugonjwa wa moyo. Aliacha watoto wawili, karakana ndogo ya kuchomelea mageti, na gari la mashindano aliloliunda kwa mikono yake uani. Gari hilo lilikuwa halijamaliza mbio hata mara moja. Nalitaja pamoja na watoto kwa sababu ndivyo alivyokuwa akilitaja yeye.

Mimi niliishia darasa la saba, na kazi yangu ni cherehani. Nitaeleza kiangazi kile kama kilivyokwenda, basi.

Gari lilianza na mabomba ya mraba yaliyobaki kwenye mageti ya watu. Hakuwa na mchoro wa karatasi. Alilichora kwa chaki kwenye saruji ya uani, gari zima kwa ukubwa wake, na kwa muda mrefu watoto walizoea kuruka ile mistari wakienda chooni. Injini na giaboksi alizitoa kwenye gari dogo lililopinduka barabara ya Kasesya, ambalo mwenyewe hakulitaka tena. Bodi ilikuwa mapipa aliyoyapasua na kuyanyoosha kwa nyundo. Kiti nilishona mimi, kwa turubai la lori na sponji la godoro. Alinikalisha mimi ili apate kipimo, kwa kuwa hakuweza kujipima mwenyewe akiwa amekaa, na kiti kilipokwisha kikawa kinambana makalio. Alikataa nikifumue. Alisema kiti cha mbio kinatakiwa kubana.

Huku kwetu, mahindi yakishavunwa, mafundi wa gereji huomba shamba tupu upande wa Kasense, wanapanga matairi makuukuu kuonyesha kona, wanakimbiza magari. Mshindi anapewa mbuzi. Hukutana hivyo mara kadhaa mpaka mvua zinapokaribia na wenye mashamba wanapotaka kulima.

Mwezi wa tano miguu yake ilianza kuvimba. Daktari alimwambia moyo umetanuka, asinyanyue vitu vizito, apumzike. Nilikuwapo. Aliitikia kila neno. Tulipotoka nje alikaa kwenye ukingo wa mtaro kupumua, akasema, "Mama watoto, mimi sitaki mbuzi wa mtu. Nataka nianze na wenzangu na nimalize na wenzangu, mara moja tu, nikiwa nimekaa humo."

"Na ukishamaliza?"

"Nikishamaliza nitalala kama alivyosema."

Nilikubali kwa sababu nilitaka alale. Tangu siku ile na mimi nikawa nataka gari limalize.

Mbio za kwanza zilikuwa mwezi wa sita, upepo wa kipupwe ukivuma shambani mpaka watu wamejifunga mablanketi. Hapo ndipo alipotufuata Msukuma mmoja, mfugaji wa bondeni kule Ziwa Rukwa, ambaye hupanda mjini kununua spea na ana pikapu yake aliyoivua milango kwa ajili ya mbio. Wasukuma ni watani wetu sisi Wafipa, na huyu alikuwa mtani hasa. Alilizunguka gari letu mikono ikiwa nyuma kama bwana afya.

"Shemeji," akaniambia, "hili ni gari au geti la kanisa?"

Mume wangu akajibu kabla yangu. "Ni geti. Limetengenezwa kuzuia ng'ombe wako."

"Na nyie Wafipa, wachawi wa radi, mnahangaika na injini za nini? Si mngetungua radi moja mkaifungia humo?"

"Radi zipo. Tunawawekea watani."

Wakacheka, wakashikana mikono. Mzunguko wa pili tu, gari likapiga tuta la zamani ambalo jembe halikulisawazisha, na shokapu la mbele likakatika. Mtani alipita na pikapu yake akipiga honi. Tulilikokota gari kwa kamba mpaka Kizwite, mume wangu kwenye usukani, na mimi nyuma yake nikitembea na kofia yake ngumu mkononi.

Mwezi mzima uliofuata alilirekebisha. Aliweka mashokapu ya pikapu, akakata sehemu za kuyashikia na kuzichomelea upya, akabadilisha rejeta ikawa kubwa zaidi. Alikuwa haruhusiwi kunyanyua, kwa hiyo mimi na kijana wake wa kazi tulinyanyua na yeye akaelekeza. Kisha akaja kwenye kabureta. Humo ndani mna kipande kidogo cha shaba chenye tundu, mafundi wanakiita jeti, na tundu hilo ndilo linaloamua injini inywe mafuta kiasi gani. Gari lilikuwa linatoa moshi mweusi. Alifungua plagi, akanionyesha masizi.

"Linashiba kupita kiasi," akasema.

Akaweka jeti ya tundu dogo. Tukalizungusha mtaani, akafungua plagi tena, tena akabadilisha, mpaka ikawa na rangi ya kahawia kama ulezi uliokaangwa. Aliishika plagi ile juani akaigeuzageuza. Siku hizo alikuwa akilala amekaa, mito mitatu mgongoni, lakini asubuhi ile alikuwa na furaha.

Mbio za pili gari lilikimbia vizuri kuliko nilivyotegemea. Liliwapita wengine kwenye kona ya mbali, nikamwona mtani anajaribu kumfuata na kushindwa. Kisha, upande ule wa mbali, gari likapunguza mwendo, likatoka nje ya matairi, likasimama. Watu wakasema injini imekufa. Mimi niliisikia injini inaunguruma. Nilikimbia kukatiza shamba, vigutu vya mahindi vikinichoma miguu. Nilimkuta amekaa wima, mikono miwili kwenye usukani, midomo imekuwa ya kijivu.

"Lenyewe zima," akasema. "Mimi ndiye nimekata pumzi."

Nilimwambia tuache. Alitazama magari yanavyopita.

Mbio za tatu, mwanzoni mwa mwezi wa nane, wafugaji waliomba zifanyike kwao, bondeni, kwenye uwanda karibu na ziwa. Mtani ndiye aliyekuja kutualika. Alisema ardhi ya kule ni tambarare kama meza, hakuna matuta, hata mgonjwa anaweza kuendesha kwa mkono mmoja. Mume wangu alipenda neno hilo. Tulilipakia gari kwenye Fuso iliyokuwa inakwenda kuchukua mpunga, tukashuka zile kona za mlima polepole, na kila kona joto likaongezeka. Sisi tulitoka na masweta. Tulipofika chini tuliyavua, na yeye akapumua vizuri zaidi kuliko alivyopumua miezi yote. Alisema hewa ya huku nzito, inashibisha. Nakumbuka alivyosema hivyo, kwa sababu jibu lilikuwa hapohapo na hakuna kati yetu aliyeliona.

Alianza vizuri. Injini ililia kwa sauti kali, nyembamba, ambayo sikuwa nimewahi kuisikia kule juu kwetu. Nilidhani ni uzuri. Alikuwa wa tatu, na ilibaki mizunguko michache, na alikuwa hachoki. Nilianza kuhesabu kona zilizobaki. Kisha ikalia kama bati linapigwa, moshi mweupe ukatoka, gari likateleza lenyewe mpaka likaishiwa mwendo.

Nilipofika alikuwa ameshafungua plagi, ameishika kwa kitambaa. Ilikuwa nyeupe kama chaki. Mtani naye alikuwa ameacha mbio na kuja. Hakutania.

"Mfipa," akasema taratibu, "uliposhuka ulibadilisha jeti?"

"Ya nini?"

Mtani akaonyesha mlima kwa kidevu. Mume wangu aliitazama plagi, akatazama mlima tulikotoka, halafu akaelewa. Kule juu hewa ni nyembamba na injini inataka mafuta kidogo. Huku chini hewa ni nzito, na ile jeti ya tundu dogo ilikuwa imeiacha injini na njaa katikati ya joto mpaka pistoni ikatoboka. Magari yote aliyowahi kuyatengeneza maisha yake yote yalikuwa ya juu. Yanayoshuka bondeni ni malori ya dizeli, na dizeli haina habari na kabureta.

"Nimezaliwa juu, nimefanya kazi juu," akasema. "Nilifikiri hewa ni hewa."

Akacheka kidogo, akakohoa, nikamshika mgongo.

Pistoni mpya iliagizwa Mbeya. Akiisubiri, aliomba injini iletwe ndani, tukaipanga vipande vipande juu ya gunia kando ya kitanda. Aliniambia kila kipande kilipo na kinaingia wapi. Nilikuwa nasafisha kwa petroli, yeye anatazama. Baadhi ya siku hakuwa na nguvu ya kuzungumza, ananyoosha kidole tu. Pistoni ilifika Jumanne. Aliishika, akapitisha kidole ukingoni, akaniambia niiweke mahali watoto wasipoweza kuifikia. Alhamisi akafa.

Msibani mtani alikuja na watu wake wawili. Wanawake walikuwa wanalia ndani, wazee wamekaa nje kwenye mabenchi. Alipotea kidogo, kisha akatoka karakanani amevaa ovaroli la marehemu, lililomfika juu ya vifundo vya miguu, ameshika kiuno, anatembea hatua mbili na kupumzika kama alivyokuwa akitembea yeye.

"Mama watoto," akaita kwa ile sauti, "niletee spana namba kumi. Siyo hiyo. Hiyo ni kijiko."

Watu walicheka. Na mimi nilicheka, halafu ndipo nikalia, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi ile. Kwetu mtani ana ruhusa hiyo. Anaigiza marehemu, anatukana, anachukua anachokitaka, na mpaka akombolewe, yaani alipwe anachodai, hakuna wa kumnyang'anya.

Mtani alikwenda kwenye gari, akaufungua usukani, akauvaa shingoni.

Baba mkwe wangu akamwambia, "Mtani, rudisha kitu cha watu."

"Nikomboeni, mzee."

Wakamletea kuku. Akamtazama kuku, akamwuliza kama anajua kuendesha. Wakamletea debe la ulezi. Akakataa. Mdogo wa marehemu alikuwa ameanza kukasirika, maana aliitaka ile injini kwa ajili ya mashine ya kusaga, na mabomba ya gari yalishapata mnunuzi. Mtani alijua.

"Fidia yangu ni moja," akasema. "Injini ifungwe. Gari liende mbio za mwisho, dereva niwe mimi. Likimaliza, usukani mtaupata. Kabla ya hapo anayeligusa ananitafutia ugomvi, na mimi nina fimbo nyingi kuliko yeye."

Wazee walinong'ona kwa Kifipa. Mwishowe baba mkwe akasema, "Ameshachukua. Hatuwezi kumpokonya msibani." Shemeji yangu akainuka akaenda kukaa mbali.

Injini tuliifunga mwezi wa tisa, mimi, mtani na yule kijana wa kazi. Pale waliposhindwa kukumbuka kipande nilikumbuka mimi, na pale niliposhindwa tulikigeuzageuza kipande mpaka kikaingia, kwa kuwa aliyejua hakuwepo. Jeti niliwaambia waiache ileile, kwa sababu mbio za mwisho zilikuwa Kasense, huku juu.

Zilifanyika mwezi wa kumi. Wenye mashamba walikuwa wameshachoma majani, na gari lililopita lilirusha vumbi jeusi. Mtani hakuenea kwenye kiti. Alikaa upande, goti moja limetokeza nje, akasema nilimshonea mtoto. Baba mkwe alikuja, ingawa hakuwahi kuja mbio zozote mwanawe akiwa hai. Alisimama karibu nami na fimbo yake.

Lilikimbia. Halikukimbia sana, maana mtani aliliendesha kwa adabu, tofauti na anavyoendesha pikapu yake. Kila lilipopotelea upande wa mbali niliacha kupumua mpaka lilipotokea. Likapita mstari likiwa la pili kutoka mwisho. Lilimaliza.

Watu walinizunguka, wakanishika mikono, wakasema, "Hongera, mama." Nikawajibu asanteni. Nilikuwa nasubiri kitu kije moyoni, na hakikuja. Lilikuwa limemaliza na yeye hakuwemo, na nyumbani hapakuwa na mtu wa kwenda kulala.

Mtani alishuka, akaufungua usukani, akampelekea baba mkwe kwa mikono miwili.

"Mmenikomboa, mzee. Shikamoo."

"Marahaba, mtani."

Mzee aliushika kwa muda, hakujua auweke wapi, akanipa mimi. Kisha akamwambia mwanawe mdogo, bila kumtazama, kwamba sasa anaweza kuchukua anachotaka.

Shemeji alikuja Jumatatu na mwenzake mmoja. Alinisalimia vizuri, akaniuliza hali ya watoto. Waliegemeza ngazi ukutani, wakafunga mnyororo kwenye boriti ya karakana ili kuishusha injini. Kabla ya kuinyanyua walitaka kutoa maji ya rejeta, wakakosa chombo. Nikaleta beseni, nikalishika chini mpaka maji yakaisha, nikaenda kuyamwaga nje ya geti.