Kwaya Iliyokatazwa Kuimba

Ukitaka kumuudhi Madam Dafroza, mwambie kuimba ni kipaji, hakufundishiki. Atakuacha na soda yako uimalize peke yako. Yeye alikulia Nyegina, binti wa Rafaeli mwalimu wa kwaya, na kwao kuimba kulikuwa kazi kama kupalilia. Jioni, kabla ya kula, mzee aliwagawia watoto sauti: ya kwanza, ya pili, ya tatu. Aliyevutwa na sauti ya mwenzake alianza upya, huku ugali na samaki wa furu vikipoa mezani. Dafroza alikula furu baridi mpaka sikio lake likanyooka.

Ukubwani akapata kazi ya kufundisha muziki katika shule ya msingi ya kanisa, Kamunyonge, mjini Musoma. Kibao cha getini kilitangaza malezi ya Kikristo, kompyuta na muziki. Huo muziki wenyewe ulikuwa kipindi kimoja cha Jumatano baada ya chakula, watoto wakisinzia kwa maharage. Na hicho nacho kila mtu alijichotea. Mitihani ikikaribia, Hisabati inakichukua. Wageni wakija, kinatumika kufagia uwanja. Dafroza alilalamika mpaka wenzake wakaanza kumkwepa wakati wa chai.

Mwaka huu Mwalimu Mkuu, Danford Burito, akamwita ofisini. Alikuwa na ule upole wa mtu aliyekwisha kuamua.

"Madam, wazazi wanaulizaga hiki kipindi ni cha nini. Kwaya ikipendeza kwenye mahafali ya la saba, kinabaki. Isipopendeza, Januari nawapa Hisabati."

"Kitabaki, Mkuu," akajibu Dafroza.

Akajitupa kazini. Aliwafundisha darasa la sita do-re-mi, akawatenga makundi, akawasimamisha uso kwa uso ili wazoee kutovutwa. Walivutwa sana. Aliwarudisha mwanzo mpaka akakauka koo. Lakini siku moja sauti tatu zikakaa mahali pake, na binti mmoja, Rebeka, akaishika ya pili pasipo kuyumba. Dafroza alienda nyumbani akicheka peke yake njiani.

Furaha ya maskini haidumu. Mkuu alihudhuria mahafali ya shule moja Bunda, akakuta watoto wanacheza kwa wimbo wa studio. Wiki iliyofuata akawapakia wa kwake, akawapeleka kwa fundi wa hukohuko Bunda, kijana anaitwa Gody. Gody akawarekodi, akamwaga ngoma na kinanda juu yake, akazilainisha sauti hata usimjue Rebeka ni yupi. Mkuu akafurahi kupita kiasi.

"Siku yenyewe tunapiga wimbo kwenye flashi, watoto wanacheza tu."

"Mkuu, hawa wanajua kuimba!"

"Watakosea, Madam. Flashi haikoseagi."

Mazoezi akayashika mwenyewe, fimbo mkononi. "Mdomo tu! Sauti sitaki!" Aliyesahau akatoa sauti alipigishwa magoti. Watoto wa watu wafanyeje? Mmoja anasema imbeni, mwingine anasema nyamazeni. Wakamtii mwenye fimbo. Dafroza alikaa pembeni.

Siku ya mahafali walipendeza kweli, sare mpya, vichwa vimenyolewa. Wimbo ukaanza, wazazi wakasimama na simu zao kupiga picha. Ubeti wa pili flashi ya wimbo ikagoma. Kimya.

Watoto hawakusimama. Waliendelea kucheza na kutabasamu, midomo ikifunguka na kufungika vizuri kabisa, bila sauti hata moja. Wazazi wakaanza kucheka. Dafroza akakimbilia mbele, akawapa do, akainua mikono.

"Imbeni! Imbeni, wanangu!"

Rebeka akamtazama yeye, kisha akamtazama Mkuu pale meza kuu. Mdomo wake uliendelea kucheza.

Mkuu akachukua kipaza sauti. "Wazazi, mtusamehe. Mwalimu wa muziki tunaye, mwaka mzima anafundisha, na matunda yake mmeyaona. Kuanzia Januari kipindi hicho ni cha Hisabati."

Wazazi wakapiga makofi, na hayo ndiyo yaliyopigwa kwa nguvu kuliko yote siku ile. Dafroza alikuwa bado ameinua mikono. Akaishusha, akaenda nyuma ya jiko asionekane akilia.

Wageni wakaingia kula. Watoto nao wakapewa pilau, wakaketi nje chini ya madirisha ya ukumbi. Mmoja akaanza ule wimbo, labda kwa shibe tu. Rebeka akadaka sauti ya pili, wengine ya tatu. Ukatoka mzima, umesimama sawasawa, na hapakuwa na aliyevutwa.

Dafroza akafuta macho, akawafuata. Lo, wale ndio wanafunzi wake! Alitaka kuwakumbatia, na papo hapo alitaka kupiga mtu.

Mlango wa ukumbi ukafunguliwa. Mkuu akatoa kichwa, leso shingoni, mnofu wa kuku mkononi.

"Madam, wanyamazishe watoto wako. Mgeni rasmi anakula."

"Wanyamazishe mwenyewe, Mkuu," akasema Dafroza. "Hilo somo ni lako, na mimi sijawahi kulifundisha."