Hodi Iliyochelewa Edinburgh

Wenzangu wa Toronto, chekeni taratibu. Juzi nilikwenda Edinburgh mara ya kwanza, mji wa kutembea kwa miguu, mimi niliyezoea gari hadi dukani. Vichochoro vyake vya mawe, vyembamba na vyenye giza, viliniogofya. Kila kimoja nilidhani ni ua wa mtu, nikawa napiga hodi kabla ya kupita.

Dada yangu Rehema, anayeishi huko, akachoka. “Kaka, hizi ni njia za watu wote. Pita tu!”

Kesho yake nikatoka peke yangu. Nikaona mlango wazi na ngazi za mawe, nikashuka huku nikiogopa mbwa, nikiogopa na polisi. Chini nikamkuta mzee wa Kizungu kavaa nguo za kulalia, kijiko cha uji kimeganda hewani, kanikodolea macho.

Ndipo nikasema, “Hodi?”