Kiti cha Ghorofa ya Tatu

Mke wa Spoku alikuwa na miezi kumi na minne hajakanyaga ardhi. Ugonjwa ulianzia kiunoni, ukashuka miguuni, na ngazi za jengo lao zilikuwa nyembamba, zenye kona kali. Kumbeba mgongoni Spoku alishajaribu mara moja. Mama wa watu alilia kutoka ghorofa ya tatu hadi chini, na tangu hapo hakutaka kulisikia jambo hilo.

Spoku alikuwa fundi baiskeli. Watu walimwita hivyo, kama ule waya mwembamba wa gurudumu, kwa ajili ya kazi yake na kwa ajili ya wembamba wake. Siku moja akiwa kwenye kibaraza chao cha nyuma, huko juu ghorofa ya tatu, aliona wajenzi wa jirani wakipandisha ndoo ya zege kwa kapi. Hakulala usingizi mzuri wiki nzima. Umeme ulikuwa wa kubahatisha na mota hakuwa nayo, lakini uzito haukatiki. Mtu akiwa mzito kidogo kuliko mzigo wa upande wa pili, atashuka polepole. Mzigo ukiongezwa mawe, atapanda.

Alifunga rimu ya pikipiki juu ya kibaraza, ile yenye breki yake ndani, akapitisha kamba. Upande mmoja kiti cha chuma chenye mikanda, upande wa pili sanduku zito sawa na kiti, la kutia mchanga na mawe. Jaribio la kwanza aliweka gunia kitini. Kiti kilishuka kama kimetupwa, mguu mmoja ukapinda. La pili kiligoma katikati. Kila jaribio aliliandika kwenye daftari: kilo ngapi huku, kilo ngapi kule, sekunde ngapi hadi chini. Jaribio la kumi na moja lilichukua sekunde arobaini, na gunia likatua bila kutoa vumbi.

La kumi na mbili alikaa shemeji yake, kaka wa mkewe, mwashi mnene mwenye maneno mengi.

"Shemeji, nikivunjika shingo utamwambia nini dada yangu?"

"Nitamwambia ulikula sana."

Walicheka. Ilikuwa mara yao ya mwisho kucheka kwa ajili ya kitu kile.

Ilipofika siku yenyewe walimfunga mikanda mgonjwa, shuka magotini. Muuguzi wa kliniki aliyekuja nyumbani alimpima mkewe kilo hamsini na mbili Spoku alipoanza kazi hiyo, miezi miwili nyuma, kwa hiyo sandukuni aliacha arobaini na sita. Akalegeza breki.

Kiti hakikwenda.

"Kimekwama?" shemeji aliuliza kutoka chini.

Spoku alikagua rimu, akakagua kamba. Zote zilikuwa sawa. Akamwambia shemeji atoe jiwe moja kwenye sanduku, huko chini. Kiti palepale. Shemeji akatoa jingine. Spoku alianza kuzihesabu kilo zilizotoka. Kiti kilianza kusogea sanduku lilipobaki na kilo thelathini na tisa.

"Nimepungua, eh?" mkewe alisema, akimtazama.

"Kamba ni mpya, inabana."

"Wewe baba, uongo hujawahi kuuweza."

Alishuka. Chini aliomba avuliwe viatu, akaweka nyayo kwenye udongo na kuuliza habari za kila mtu aliyepita, hata wale aliokuwa hapatani nao. Baada ya robo saa akasema inatosha. Alipokuwa akipanda alifumba macho.

Wiki iliyofuata Spoku alitoa mawe mawili zaidi. Iliyofuata, matatu. Daktari alikuwa bado anasema tungoje majibu, lakini sanduku lilishajibu. Mara ya nne alipokuja na mikanda, mkewe alimshika mkono.

"Usinipime tena."

"Si kukupima, mama. Nataka ukapate hewa."

"Najua unachotaka. Kaa hapa tu."

Akakaa. Hakufungua karakana siku nyingi. Alimlisha uji kwa kijiko, akamgeuza ubavu, wakazungumza habari za majirani. Mkewe alifariki asubuhi moja, Spoku akiwa jikoni anachemsha maji.

Wanaume wa jengo walipoona jeneza na zile kona wakatazamana. Mmoja akasema kwa upole, "Fundi, kile kiti chako…"

"Hapana. Kile nilimtengenezea aende kuona watu."

Walimshusha kwa ngazi, wakiinamisha jeneza kila kona, shemeji akiwa mbele, jasho na machozi vikimtoka pamoja. Ilichukua karibu nusu saa.

Mitambo ilibaki kibarazani miezi mitano. Kisha Jumapili moja shemeji alikuja na spana zake bila kuitwa. Nati zilikuwa zimeshika kutu. Walihangaika nazo hadi mchana. Mwishowe shemeji akakunja kamba begani na kuuliza aipeleke wapi.

"Popote," Spoku alisema, akaingia ndani kufua mashuka.