Makopo ya Konseye

Serikali ilipotoa chakula cha watoto wenye bwaki, ule ugonjwa wa kukosa lishe, sisi Waislamu wa Nyamirambo tuliletewa makopo ya nguruwe. Maharage tuliyopangiwa aliyala konseye, yule diwani wa mtaa, namtaja wazi. Makopo nayo alijua tutayaacha, ayabebe kwake.

Mdogo wangu alikuwa amevimba miguu. Mama akanyoosha mkono, akachukua kopo. Konseye, mtu asiyekosa misa, ghafla akawa shehe: "Mama we, hiyo haramu! Utachomwa!"

"Tangu lini unaniswalisha, konseye? Dini imemruhusu anayekufa njaa. Lete na la pili."

Mdogo wangu alikula, miguu ikanywea. Konseye alinuna mwezi mzima kama mtu aliyedhulumiwa urithi.