Muhigirwa Ameingia

Kila asubuhi, kabla hata hajavua koti la mvua, Dative aliwasha kompyuta ya ofisi pale Kamembe, akafungua ule ukurasa mweusi wa kuandikia amri, akaandika: last muhigirwa. Kompyuta ikamwonyesha kaka yake aliingia lini kwenye mfumo mara ya mwisho, na aliingilia wapi: ghala la dawa, Bukavu. Dative akashusha pumzi, ndipo akavua koti.

Kazi yake ilikuwa kuwafungulia na kuwafungia watu akaunti, katika shirika dogo lililosambaza dawa pande zote mbili za mpaka wa Rwanda na Kongo. Aliyeajiriwa alimwandikia jina, aliyeachishwa alimfuta, na aliyeruhusiwa kutoa dawa ghalani alimtia katika kundi lililoitwa stoo. Usipokuwa kwenye kundi hilo, hutoi hata kidonge. Bukavu walikuwamo wawili tu, Muhigirwa na nesi aliyeitwa Christelle. Wakubwa walipopunguza matumizi, Dative aliamriwa amtoe Christelle katika kundi, akamtoa kwa mstari mmoja. Hakuna aliyeuliza wagonjwa watabaki na nani Muhigirwa akiugua. Wakubwa hawana desturi ya kuuliza hayo.

Kisha vita vikaingia Bukavu, na simu ya Muhigirwa ikazimika. Mama yao, Mukarugwiza, aliyewazaa na kuwalea huko huko Kongo kabla ya kurudi Rwanda, akawa hataki chakula. Kila jioni Dative alipofika nyumbani Gihundwe, alimkuta mlangoni.

"Aliingia?"

"Aliingia, Maman. Leo asubuhi."

"Basi iko muzima."

Hapo ndipo mama alipokubali kula.

Dative alimwandikia kaka yake barua pepe moja baada ya nyingine, asijibiwe hata moja. Lakini mwenye hofu hakosi la kujifariji: Muhigirwa tangu utoto alikuwa mzito wa kuitika. Ungemwita hadi koo likukauke. Umnyang'anye sahani ndipo uisikie sauti yake. Na sasa mama naye alikuwa ameanza kusema kwamba huko kuingia hakumtoshi, anataka kumsikia mwanawe akisema.

Basi asubuhi moja Dative akaamua kumnyang'anya sahani. Akaandika usermod -L muhigirwa, akabonyeza, na akaunti ikafungwa, isikubali tena nenosiri la mwenyewe. "Utapiga simu tu, mjinga wewe," akaiambia kompyuta, na kwa mara ya kwanza tangu vita vianze akacheka. Akaiweka simu yake mezani, karibu na mkono.

Ililia kabla ya adhuhuri. Namba ya Kongo. Akaidaka.

"Wewe muntu ya kichwa ngumu! Maman anakwisha na mawazo juu yako!"

Ikaja sauti ya mwanamke, ikimwita dada kwa Kiswahili cha Bukavu.

"Yaya Dative? Ni miye Christelle, wa ku depo ya dawa. Minaomba ufungule compte ya Muhigirwa, akaunti yake. Niko na batoto ba homa hapa, na dawa haitoki."

"Kwa nini unaingia na jina yake? Yeye iko wapi?"

"Mulinitoa mu kundi. Yeye akanipa mot de passe yake ya kuingilia, akasema bagonjwa basikufe bure."

"Christelle. Muhigirwa iko wapi?"

Christelle akaanza kulia. "Risasi ilimupata mu njia, pale vita ilianza. Tulimuzika. Nilijua mukisikia amekufa, mutafunga compte yake, na hawa batoto batakufa nabo. Unisamehe, Yaya."

Dative alimchukia mwanamke yule kwa moyo wake wote. Alitaka kukata simu, amwache na ghala lake lililofungwa. Lakini nyuma ya kile kilio alisikia mtoto akikohoa, kikohozi kikavu kisichokoma, na vidole vyake vikaenda vyenyewe. Hakumwomba bosi ruhusa. Akamrudisha Christelle kwenye kundi la stoo.

"Jaribu na jina yako," akasema.

"Imekubali, Yaya. Mungu akubariki."

Akaunti ya Muhigirwa akaiacha vilevile imefungwa. Kuifuta hakuweza.

Jioni mama alikuwa mlangoni, chakula kimeshaiva.

"Aliingia?"

"Maman, ikala chini kwanza."

"Minakuuliza, aliingia?"

Dative akamshika mikono, akamwambia yote, tangu simu ya Christelle hadi kaburi. Mama hakupiga yowe. Alimtazama binti yake kama mtu asiyemfahamu.

"Na zile siku zote, wewe ulikuwa unaona nini?"

"Jina yake, Maman. Nilikuwa naona jina tu."

"Na miye nilikuwa ninakula," mama akasema, akaketi chini palepale mlangoni.